Mafuta Niliyoyatangaza Redioni

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nywele zangu zilijaa kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Zilikuwa nzito na nyeusi, na nikizifumua Jumamosi mchana ilinibidi niombe msaada wa mtu wa pili kuzigawa. Wakati ule nilikuwa nakula mikebuka karibu kila siku, kwa hiyo nikaamua kwamba ni samaki ndiye aliyefanya kazi hiyo, na nikawa nawaambia wanawake wenzangu kwamba nywele ni chakula tu. Huo ulikuwa ushauri wangu wa kwanza kuhusu nywele. Haukuwa wa mwisho, wala haukuwa wa kijinga kuliko yote.

Kazi yangu ni kutangaza redioni hapa Kalemie. Redio yetu ni ndogo, vyumba viwili, na ukutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Asubuhi ninaongoza kipindi cha akina mama. Kwenye maikrofoni nasema Kiswahili cha kitabuni, kile ambacho hata watu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wangekisikiliza bila kutucheka. Nikirudi nyumbani nasema kama watu wa nyumbani. Mume wangu, anayeshughulikia mizigo bandarini, husema ameoa wanawake wawili, na kwamba yule wa redioni ndiye mwenye adabu.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, nywele zikaanza kutoka. Mwanzoni nilidhani ni kisanuo kibovu. Nikanunua kingine. Nywele zikatoka na kile pia, zikajisokota kwenye meno yake kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Nilizikuta kwenye mto, kwenye sahani, kwenye kiganja cha mtoto aliyekuwa akinyonya huku amezishika. Sehemu ya mbele, juu ya paji la uso, ikabaki wazi, na nilipojitazama kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki ya mume wangu nilimwona baba yangu mzazi, ambaye alipata upara kabla sijazaliwa.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuwa amekuja kwa boti kutoka Moba kunisaidia na mtoto, na alikuwa ameshika nyumba kimyakimya, bila kelele yoyote, hadi nikawa naomba ruhusa kuingia jikoni kwangu. Aliziona nywele zile alipokuwa anafagia. Hakushtuka. Akazikusanya, akazitupa, akarudi kukaa.

"Mutoto njo anazichukua," akaniambia. "Akiota meno atakurudishia."

Nikamwitikia kwa heshima, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kucheka. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, nilikuwa nimewahoji madaktari na maafisa wa serikali, nikatangaza namna ya kunawa mikono wakati wa kipindupindu. Sikuwa mtu wa kuambiwa kwamba mtoto mchanga asiyejua hata kukaa anaiba nywele na kuzihifadhi mahali.

Nilichofanya badala yake ni kwenda kwa msusi. Nikamwambia anifunike upara kwa meshi, zile nywele za dukani za kuunganishia, na akaze vizuri ili zidumu. Alikaza. Alizivuta zile chache zilizobaki pembeni mwa uso mpaka nyusi zangu zikapanda. Wiki nzima nilionekana kama mtu aliyepewa habari za ajabu na bado hajazimaliza kuzisikia. Nililala kifudifudi kwa sababu kila upande wa kichwa uliuma, vipele vidogo vikatoka kando ya masikio, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba sijambo kabisa. Nilipofumua, meshi zilitoka na nywele zangu zikiwa zimezikumbatia.

Hapo ndipo nilipoamua kujitibu mwenyewe. Nilichukua mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za ngazi, tunda la mchikichi, ambayo bibi zetu waliwapaka watoto wachanga, nikayaweka kwenye chungu juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikatia vitunguu, karafuu na tangawizi. Kwa nini vitunguu? Kuna mtu aliniambia. Kwa nini karafuu? Ili kuzima harufu ya vitunguu. Tangawizi ilikuwepo tu. Nikachuja kwa kitambaa, nikapaka asubuhi na jioni, nikafunga kichwa kwa fulari.

Harufu ile ilikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Mume wangu alivumilia siku kadhaa, halafu akanieleza kwa upole kwamba mto wetu unamfanya aamke na njaa. Mtoto alianza kunilamba paji la uso. Mama mkwe peke yake hakulalamika. Aliniuliza tu kama kwenye chungu kile nitaongeza nyama.

Lakini nywele zikarudi. Miezi haikuwa mingi. Siku moja nilipofungua fulari niliona vinyweleo vifupi, laini, vimesimama mbele kama manyoya ya kifaranga. Vikaongezeka. Vikawa vigumu, vikajikunja, vikajaza ile sehemu iliyokuwa wazi. Niliita watu waje kuona. Nilimwita mume wangu kutoka bafuni akiwa na sabuni masikioni. Akatazama, akakubali kwamba kweli ziko, akarudi kuoga. Mama mkwe naye akatazama, kisha akafungua mdomo wa mtoto kwa kidole, akaniashiria nitazame ndani. Meno mawili yalikuwa yametokea chini. Nikamwambia ni mafuta. Akafunga mdomo wa mtoto.

Mambo yangekoma pale kama si mvua. Asubuhi moja mgeni wangu wa kipindi, bwana shamba aliyepaswa kueleza ugonjwa wa mihogo, alikwama njiani kwa sababu ya matope. Nilikuwa na saa nzima ya kujaza na hakuna cha kusema. Nikasoma matangazo mara mbili. Nikaweka muziki. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kujipaka na harufu ilikuwa inanizunguka, nikaanza kusimulia habari za nywele zangu. Nilieleza zilivyotoka na zilivyorudi. Nikataja mafuta ya mise, vitunguu, karafuu. Tangawizi nikaitaja kwa sauti nzito, kana kwamba ndiyo siri yenyewe.

Simu ikalia kabla sijamaliza. Sisi simu tunaiweka karibu na maikrofoni, na msikilizaji anasikika hewani akiwa popote alipo, na kuku wake na watoto wake. Siku ile walipiga wengi kuliko wakati wa kipindupindu. Walitaka kujua vitunguu ni vyekundu au vyeupe. Sikuwa nimewahi kufikiri. Nikajibu vyekundu, bila kusita.

Kuanzia siku hiyo nikawa na sehemu yangu ya nywele kila wiki. Nilitunga sheria. Nilikataza dawa za kulainisha nywele, nilikataza sabuni ya kufulia, nilikataza kuchana nywele kavu. Baadhi ya sheria zilikuwa nzuri, nakiri, lakini nilizitoa kwa sauti ileile niliyotolea zile nilizobuni njiani nikienda kazini. Wanawake walinisimamisha barabarani kunitazama kichwa. Nikaacha fulari kabisa ili wasisumbuke. Nikajifunza kugeuka taratibu, upande huu na ule, kama mtu anayetafuta aliyemwita.

Mafanikio yakanifanya nitafute dawa ya pili. Nilisikia kwamba maji yaliyooshewa mchele, yakiachwa yachachuke, yananenepesha nywele. Nikaloweka mchele, nikamimina maji kwenye chupa, nikaifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaipeleka kazini ili nimwonyeshe fundi mitambo wetu, kijana mtulivu ambaye hakuwa ameomba kuonyeshwa chochote. Nikaisahau chini ya meza, karibu na jenereta, kwa joto la Kalemie.

Ililipuka nikiwa nasoma matangazo ya misiba. Nilikuwa nimefika mahali pa kutaja ukoo wa marehemu, na chini ya meza kukapasuka kitu kwa mshindo ambao, katika mji huu unaojua milio ya bunduki, hakuna anayeusikia akafikiria mchele kwanza. Fundi mitambo alijitupa chini. Mimi nilinyamaza na mdomo wazi, maji machachu yakinitiririka miguuni, na maikrofoni ikiwa wazi pia. Wasikilizaji walisikia mshindo, halafu ukimya, halafu sauti yangu ikisema, si kwa Kiswahili cha kitabuni, kwamba ni muchele.

Mume wangu alifika kwa pikipiki kabla sijamaliza kupiga deki. Alikuwa ameacha mizigo ya watu bandarini. Aliponiona mzima alikaa kwenye ngazi ya redio, akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa kuniogopea. Nilipomkaribia nikaona hakuwa analia.

Mkurugenzi wetu alinionya nisilete tena vyakula studioni. Hakunizuia kuendelea na sehemu ya nywele, kwa sababu barua na simu zilikuwa nyingi, na mke wake alikuwa anapika mafuta yale.

Basi tukafika siku ya muuguzi. Nilikuwa nimemwalika mwenyewe. Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya hapa, mwanamke mrefu, asiye na haraka, na alikuja kuwahimiza akina mama warudi kupimwa baada ya kujifungua. Kipindi changu hakuwahi kukisikia hata mara moja, kwa sababu saa ile ya asubuhi yeye huwa anazalisha. Alikaa, akavua saa yake akaiweka mezani, akaeleza habari za damu, za homa, za maziwa. Alisema vizuri. Nilikuwa najivunia kipindi changu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja kijana. Alimsalimu muuguzi, akanisalimu na mimi, akasema nywele zake zinakatika tangu azae, na ingawa amepaka yale mafuta ya mama wa redio kwa bidii zote, bado zinatoka.

Muuguzi akamuuliza mtoto ana umri gani. Akajibiwa miezi mitano.

"Basi ungoje," muuguzi akasema. "Zitarudia zenyewe."

Akaeleza, kwa utaratibu, kwamba mwenye mimba hapotezi nywele kama kawaida. Zile ambazo zingeanguka kila siku zinabaki kichwani, ndiyo maana anaonekana amejaa. Akishajifungua, zile zilizochelewa zinaondoka pamoja. Ni nyingi, zinatisha, lakini si ugonjwa. Kwa wengi, mtoto anapokaribia mwaka, kichwa kimeshajaa tena.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na kichwa changu wazi. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, aliacha kugusa vitufe vyake.

Ningeweza kubadilisha mazungumzo. Nina miaka ya kazi, najua namna ya kumshukuru mgeni na kuweka wimbo. Lakini sikuweza kuyaacha mafuta yangu yafe hivyo bila kutetewa. Nikamwambia muuguzi, kwa Kiswahili changu bora kabisa, kwamba hata hivyo wako akina mama waliopaka dawa fulani za asili na kuona matokeo dhahiri.

"Hata bila kupaka wangeyaona," akasema. Kisha akanitazama kichwani, kwa mara ya kwanza, kwa wema kabisa. "Na zako, mama, zilirudia wakati gani?"

Nikajibu kwamba mtoto alikuwa anakaribia mwaka.

"Njo vile," akasema, akiitikia kwa kichwa.

Hakujua alichokifanya. Akaendelea kusema kwamba mafuta hayana ubaya, yanalainisha ngozi na kuzuia nywele kukatika, ila hayaoteshi kitu. Nywele zikitoka kwa mabaka, au mama akiwa anachoka na kusikia kizunguzungu, aje apimwe damu. Kisha akasema jambo lililoniumiza kuliko yote: kinachoharibu nywele za wanawake wengi hapa ni kusuka kwa kukaza. Zile za pembeni zikivutwa mara kwa mara, siku moja zinakufa, na hizo hazirudi. Bila kutaka, nikapeleka kidole pembeni mwa uso, upande wa kushoto. Pale palikuwa na sehemu ndogo tupu niliyokuwa naifunika kwa kuchania nywele nyingine juu yake. Nilikuwa nawaambia watu kwamba mafuta bado hayajafika.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mwanamume. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefikiri sana kabla ya kupiga. Alisema mke wake amejaza bidoni nzima, dumu kubwa, kwa mafuta yale, ipo chini ya kitanda, na yeye anaomba kujua, kama ni hivyo, waifanye nini.

Muuguzi akauliza mafuta hayo yana nini ndani. Yule bwana akamtajia: mise, vitunguu, karafuu, tangawizi.

"Mukaangie samaki," muuguzi akasema.

Fundi mitambo aliweka wimbo bila mimi kumwashiria. Nadhani hakuwa na njia nyingine ya kucheka.

Nilirudi nyumbani kwa mguu, kwa barabara ya nyuma, ili nisikutane na wasikilizaji. Mama mkwe alikuwa ameketi ukumbini, redio ndogo pembeni yake, mtoto mapajani. Alikuwa amesikia yote. Akaninawisha mikono, akaniwekea ugali na sombe, majani ya muhogo, akaniacha nile. Nilipomaliza akasema yule muuguzi ni mutu wa akili sana, amesema maneno yaleyale aliyoniambia yeye. Nikaanza kumweleza kwamba hapana, muuguzi hakusema kwamba mtoto anazichukua, alisema jambo tofauti kabisa, la mwilini, la kisayansi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto ana meno," akasema. "Nywele iko. Unatafuta nini tena?"

Nikaomba ruhusa niingie jikoni kuosha sahani.

Wiki iliyofuata niliwaambia wasikilizaji kwamba nilikuwa nimekosea, kwamba nilichanganya kitu kilichofuata na kitu kilichosababisha, na kwamba wasinunue tena vitunguu kwa ajili yangu. Nilitegemea hasira. Wachache walipiga simu kunipa pole. Wengine walitaka kujua kama sasa wapake mara moja kwa siku badala ya mbili.

Nywele zangu siku hizi nazitunza kwa namna isiyoweza kujaza hata dakika tano za kipindi. Naziosha mwisho wa wiki, nazichana zikiwa na maji, nikianzia nchani na kupanda juu, napaka mafuta kidogo yasiyonuka, nasuka mistari iliyolegea. Msusi wangu anaona aibu kuniachia nitoke vile; anasema watu watadhani hajui kazi. Lile baka la kushoto limebaki tupu, dogo kama kucha ya kidole gumba. Ndiyo sehemu pekee ya kichwa changu ambayo hali yake ilitokana kweli na juhudi zangu.

Nilipozaa mtoto wa pili zikatoka tena. Safari hii nilijua kila kitu: sababu, muda, mwisho wake. Nilimweleza mume wangu mapema ili asishtuke. Halafu asubuhi ya kwanza nilipoona rundo kwenye kisanuo, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kama mtu asiyejua lolote. Mume wangu aliketi kando yangu akaniambia tungoje. Akaongeza, baada ya kufikiri, kwamba nisipike kitu.

Hivi karibuni nilikuwa sokoni nikichagua ndakala, dagaa wetu wa ziwani, nikimwuliza muuzaji kama ni za jana. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanishika bega. Alikuwa ameitambua sauti. Akavua kitambaa chake palepale kati ya mabeseni ya samaki, akainamisha kichwa ili nione. Nywele zilikuwa nzuri kwelikweli, zimejaa kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Akasema alipaka mafuta yangu mwaka mzima, bila kuruka hata siku, na hizi ndizo.

Nikamwuliza kama alikuwa amejifungua. Akasema ndiyo, mtoto sasa anakimbia. Nikamweleza kwa upole kwamba zingerudi hata kama asingepaka, kwamba nililisema hilo redioni, na muuguzi alilisema pia. Akanitazama jinsi mama mkwe alivyonitazama siku ile ya meno. Alisema alilisikia tangazo lile. Alisema pia kwamba mwaka mzima alivumilia harufu, mume wake alihamia chumba cha watoto, majirani waliuliza anapika nini bila kuwakaribisha, na kwamba baada ya kazi yote hiyo hatakubali mtu amwambie nywele zimekuja zenyewe.

Kisha akafungua kikapu chake, akatoa fungu kubwa la sombe, akalitia kwenye kapu langu kunishukuru. Nilifungua mdomo nikatae. Lilikuwa sombe laini, la asubuhi ileile. Nikamwambia asante, mama, na nikamsifia nywele.